Boli Tatu, Straiki Mbili: Majibu Yetu Kuhusu Filamu za Besiboli

Mwezi huu ukurasa wa wasomaji umetawaliwa na besiboli. Mchezo umeanza kupenya mashuleni, na wengi walioandika wanataka kuujua au kuufurahia kupitia filamu. Majina ya filamu tumeyaacha yalivyo ili iwe rahisi kuyatafuta.

WANAFUNZI HAWAJAWAHI KUONA MECHI HATA MOJA

Swali: Shikamooni. Nafundisha sekondari na kusimamia michezo. Tumepata glavu kumi na mbili, marungu matatu na mipira kadhaa. Nataka kuwaonyesha wanafunzi filamu bwaloni siku ya Jumamosi, lakini mchezo wenyewe hawaujui kabisa. Nianze na ipi? (Mwalimu wa michezo, Uyole, Mbeya)

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Anza na ubao na chaki, dakika kumi tu, ndipo uwashe filamu.

Wapeleke kwanza uwanja wa mpira wa miguu. Kutoka mstari wa goli hadi mwisho wa boksi kubwa ni mita 16.5. Ongeza hatua mbili ndefu, hapo ndipo mrushaji anaposimama: mita 18.44 kutoka kwenye kisahani cha nyumbani, ambako mpigaji anasimama. Mpira unaokwenda kilomita 150 kwa saa unaumaliza umbali huo kwa chini ya nusu sekunde. Mwanafunzi akisimama pale mwenyewe, hatamcheka tena mpigaji anayekosa.

Halafu wafundishe kuhesabu. Mrusho uliopita eneo sahihi na mpigaji akauacha, au mrusho wowote alioupiga akaambulia hewa, ni straiki. Straiki tatu, mpigaji ametoka. Mrusho uliopotea njia na mpigaji akauacha ni boli. Boli nne, anapewa bure besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vile anavyopaswa kuvizunguka. Mpira alioupiga ukaenda nje ya mistari nao huhesabiwa straiki, ila kwa kawaida huo haumtoi mtu kwa straiki ya tatu. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana. Awamu ni tisa. Hesabu hutajwa boli kwanza, straiki baadaye.

Watazamaji waliokulia kwenye soka hupotea hapa. Wanasubiri mpira uruke, kumbe mchezo uko kwenye hesabu. Ikifika boli tatu na straiki mbili, mrushaji hana tena pa kukosea na mpigaji hana tena pa kusubiri. Filamu nyingi nzuri za besiboli zimeuweka moyo wao kwenye mrusho huo mmoja, na asiyejua kuhesabu ataona watu wazima wamesimama wanatazamana.

Baada ya hapo waonyeshe The Sandlot ya mwaka 1993, dakika 101. Ni kiangazi cha 1962. Mtoto mgeni mtaani, Smalls, hajui kudaka wala kurusha, na wenzake wana uwanja wa vumbi tu, bila kocha wala mwamuzi. Simamisha filamu mahali pawili. Ni pale Benny anapomwambia Smalls asimame tu na kuinyoosha glavu juu, kisha yeye mwenyewe anaupiga mpira hadi ukatua ndani ya glavu ile. Na pale Smalls anapoambiwa arushe mpira kama mtu anayerusha gazeti kwenye nyumba ya mteja. Wanafunzi wako hawajasambaza magazeti, kwa hiyo badilisha mfano: warushe kama wanavyotungua embe kwa jiwe. Kiwiko kinatangulia, kiganja kinamalizia.

Kuna tukio la watoto kutafuna tumbaku kisha kutapika wakiwa kwenye bembea la maonyesho. Watayarishe. Ujue pia kwamba watoto hawa wanacheza kutwa bila kuweka matokeo, hivyo filamu yenyewe haitafundisha hesabu. Ndiyo sababu tumetanguliza ubao.

Jumamosi inayofuata weka The Rookie ya mwaka 2002. Ni habari ya kweli ya Jim Morris, mwalimu wa Texas aliyewaahidi wachezaji wake kwamba wakitwaa ubingwa wa wilaya, naye ataenda kujaribiwa na klabu za kulipwa. Wakatwaa. Mwaka 1999 akarusha kwenye ligi kuu akiwa na miaka 35. Mwangalieni usiku ule anaporusha mpira kando ya barabara mbele ya kibao kinachosoma mwendo wa magari. Kibao kinaandika maili 76, anaondoka amekata tamaa. Akishapita, taa iliyokuwa imekufa inawaka na 76 inageuka 96, yaani kama kilomita 154 kwa saa. Hakuna matusi ndani yake, hata mkuu wa shule akae mstari wa mbele.

Kuhusu bwalo: mpira huu una kipenyo cha sentimita saba na kitu. Kwenye televisheni ya inchi 32, aliye mita nane nyuma hauoni. Tumia projekta, ziba madirisha kwa mablanketi mazito au subiri giza liingie. Spika ziwe mbele, usawa wa vichwa. Mvua ikianza kupiga mabati, simamisha filamu. Sauti ikikosekana dakika tano, watoto wanaanza kupiga soga na hutawarudisha tena.

ZILE ZA ZAMANI, KWA MPANGILIO

Swali: Besiboli ya Marekani naifuatilia miaka mingi kwenye simu. Hizo za watoto nimeziona. Nataka zile kongwe zinazotajwa na wajuzi, na mniambie nianze wapi nimalizie wapi. (Mpenzi wa mchezo, Kihesa, Iringa)

Jibu: Kaka, anza na The Pride of the Yankees ya mwaka 1942, nyeusi na nyeupe, inayomhusu Lou Gehrig, nyota wa New York Yankees. Gehrig alicheza mechi 2,130 mfululizo bila kukosa hata moja, rekodi iliyodumu hadi 1995. Mwaka 1939 mwili ukaanza kumsaliti: ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Tarehe 4 Julai mwaka huo aliwaaga mashabiki Yankee Stadium, akafariki Juni 1941 akiwa na miaka 37. Filamu ilitoka mwaka mmoja tu baadaye, kidonda bado kibichi, na Babe Ruth anaonekana humo akicheza nafasi yake mwenyewe. Usitegemee besiboli nyingi. Sehemu kubwa ni ndoa na mama mkwe. Utakapofika kwenye hotuba, ujue wameipanga upya. Gehrig alisema karibu na mwanzo kwamba anajiona mtu mwenye bahati kuliko wote duniani, na filamu ikayahamishia maneno hayo mwishoni. Kwa sinema ni uamuzi mzuri. Kwa historia, tafuta ile hotuba halisi pia.

Kisha Bang the Drum Slowly ya mwaka 1973. Mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mirusho) asiye na kipaji kikubwa, Robert De Niro akiwa bado hajulikani sana, anaumwa ugonjwa usiopona. Rafiki yake mrushaji ndiye nyota wa timu. Nyota huyo anagoma kusaini mkataba mpaka klabu iandike kwamba akiuzwa yeye na mwenzake auzwe, akibaki yeye na mwenzake abaki. Hapo ndipo ilipo filamu nzima. Haina ushindi wa kishindo, na wengi huiacha njiani kwa sababu hiyo. Sisi tunaiweka juu ya nyingi zenye sifa kuliko yenyewe.

Sasa fika kwenye jozi ambayo watu huitazama kinyume: Eight Men Out ya 1988 na Field of Dreams ya 1989. Wengi huanza na ya pili kwa kuwa ndiyo maarufu, wakabaki hawaelewi kwa nini mzimu wa Shoeless Joe Jackson, mchezaji wa zamani wa Chicago White Sox, unatoka kwenye shamba la mahindi. Tangulia na Eight Men Out.

Ni kisa cha Chicago White Sox ya 1919, timu bora iliyouza fainali kwa wacheza kamari. Fainali ya mwaka ule ilikuwa ya mechi tisa, Cincinnati Reds wakashinda tano kwa tatu. Tazama mechi ya kwanza kwa makini. Mrushaji Eddie Cicotte anampiga mpigaji wa kwanza wa Reds kwa mpira mgongoni, na hiyo ndiyo ishara kwa wenye fedha kwamba mpango upo. Mtazamaji wa kawaida ataona mrusho umeponyoka. Jackson mwenyewe aligonga kwa wastani wa .375 katika fainali zile, yaani mapigo mazuri matatu kwa kila zamu nane, na mabishano juu ya kiasi alichoshiriki hayajaisha. Mahakama iliwaachia, lakini kamishna wa besiboli, Landis, akawafungia maisha wachezaji wote wanane waliotuhumiwa mwaka 1921, akiwemo Buck Weaver, ambaye kosa lake lilikuwa kujua na kunyamaza. Mei 2025 ligi iliwaondoa waliokwisha kufariki kwenye orodha ya waliofungiwa, na Jackson akiwemo. Filamu ina wahusika wengi wenye kofia zinazofanana. Andika majina ya wale wanane kwenye karatasi kabla ya kuanza.

Baada ya hapo Field of Dreams itakupiga mahali pake. Mkulima wa Iowa anasikia sauti, anafyeka sehemu ya shamba lake la mahindi na kujenga uwanja wa besiboli wakati benki inamdai. Msomaji wa Mbozi au Ismani hahitaji kuelezwa uzito wa kufyeka mahindi mabichi wakati una mkopo. Joe Jackson humo anapiga kwa mkono wa kulia, wakati Joe halisi alipiga kwa kushoto. Kwenye Eight Men Out wamelipata sawa. Na yule daktari mzee aliyecheza mechi moja tu bila kupata zamu ya kupiga alikuwepo kweli: Moonlight Graham, mwaka 1905. Filamu imempeleka hadi 1922.

The Natural ya 1984 iache mwisho. Ni ngano zaidi kuliko mchezo: rungu lililochongwa kwenye mti uliopigwa na radi, na homurani, yaani pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote, inayopasua taa za uwanja. Riwaya ya 1952 iliyozaa filamu hii ina mwisho tofauti kabisa, shujaa anatolewa kwa straiki tatu. Tunaupenda zaidi mwisho wa riwaya, ingawa zile taa zinazomwagika cheche zinastahili skrini kubwa.

TIMU YA WASICHANA

Swali: Nina wasichana kumi na nne wanaocheza softiboli. Nataka filamu ya kwao, isiwe ya wanaume watupu. Nimesikia ya Madonna, je, ni ya kweli? (Kocha, Njombe mjini)

Jibu: Dada kocha, ni A League of Their Own ya mwaka 1992, imeongozwa na Penny Marshall, dakika 128. Madonna yumo, lakini mzigo wanaubeba Geena Davis, mdakaji, na Lori Petty, mdogo wake mrushaji. Ligi ilikuwepo kweli. Ilianzishwa mwaka 1943 na mwenye klabu ya Chicago Cubs, vijana wa kiume wakiwa vitani, ikaendelea hadi 1954. Rockford Peaches ilikuwa timu ya kweli. Wachezaji wa kwenye filamu wametungwa.

Wasichana wako watakuwa wa kwanza kuona kosa moja, kwa sababu wanacheza softiboli. Filamu inaonyesha warushaji wa 1943 wakirusha kwa mkono wa juu, kama wanaume. Mwanzoni ligi ilitumia mpira mkubwa wa mzingo wa inchi 12, kama sentimita 30, na mrusho ulikuwa wa chini ya kiuno, vilevile wanavyorusha wao. Mpira ulipunguzwa kidogo kidogo, na mrusho wa juu ukaja mwaka 1948. Waambie hilo kabla. Watajua kwamba mchezo wao ndio uliokuwa mlango.

Sketi fupi ni za kweli pia. Ukiteleza kuingia besi na sketi, paja linachubuka. Lile jeraha kubwa jekundu linaloonekana kwenye paja la mchezaji mmoja halikupakwa rangi. Mwigizaji aliumia kweli wakati wa kupiga picha. Litumie kufundisha kuteleza: mguu mmoja umekunjwa chini ya mwingine, matako ndiyo yanayopokea ardhi, mikono juu. Anayeweka kiganja chini huweza kuvunjika kifundo cha mkono.

Kuna tukio la sekunde chache ambalo wengi hulipita. Mpira unabingirika hadi wanaposimama watazamaji weusi. Mwanamke mmoja mweusi anauokota na kuurusha kwa nguvu, ukampita Davis aliyekuwa karibu na kumfikia mwenzake wa mbali, ambaye anabaki anaukung'uta mkono kwa maumivu. Wanawake weusi hawakuruhusiwa katika ligi ile, na filamu imelisema jambo hilo bila neno hata moja. Simamisha hapo.

Mwishoni mdogo mtu anakimbia nyumbani bila kusimama, anamvaa dada yake, na mpira unatoka mkononi. Aliuachia makusudi au aliangushwa? Rudisha mara mbili, waangalie vidole, kisha waache wabishane. Katika ubishi huo utagundua nani kati yao ana jicho la mchezo.

KIBANDA UMIZA NA MTAFSIRI

Swali: Nina kibanda cha video. Wateja wamezoea ngumi na za Kihindi zilizotafsiriwa. Nikiweka za besiboli watakaa? Na maandishi ya Kiswahili nayapata vipi, maana niliyojaribu yalikuwa yanachelewa. (Mwenye kibanda, Makambako)

Jibu: Watakaa ukichagua vizuri na mtafsiri akijiandaa. Ana siku tatu za kuitazama filamu kabla. Asiingie nayo mubashara.

Makosa yanayoua filamu hizi ni ya maneno. Homurani ikipigwa, mtafsiri anapiga kelele "goli!" na kuanzia hapo watu wanatafuta golikipa. Pointi hapa hupatikana mchezaji akizunguka besi zote na kurudi alikoanzia, kwa hiyo neno "mzunguko" linaeleweka haraka: "mizunguko mitatu kwa miwili." Mpigaji akipata boli nne, asiseme "anatembea", aseme "kapewa besi." Anayekimbilia besi mrushaji akiwa hajaangalia "ameiba besi", na hilo halihitaji maelezo. Ukichukua maandishi yaliyotafsiriwa na mashine, usishangae rungu (bat) likiitwa popo na mrushaji (pitcher) akiitwa mtungi. Yasahihishe kwa mkono. Kwenye filamu moja maneno ya aina hii hayazidi ishirini, na programu ya kuhariri itayabadilisha yote kwa amri moja.

Kuhusu kuchelewa kuna magonjwa mawili, na dawa zake ni tofauti. Kama maandishi yamechelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, tuseme sekunde mbili, yasogeze tu. Kwenye programu ya VLC ni herufi G na H, kila ukibonyeza yanasogea kidogo. Lakini kama mwanzoni yako sawa kisha yanazidi kuachana, filamu yako na maandishi yako vina kasi tofauti za picha, kwa kawaida 25 na 23.976 kwa sekunde. Tofauti hiyo ni kama asilimia nne, hivyo kwenye filamu ya dakika 100 mwisho utaachana kwa dakika nne nzima. Kubonyeza G na H hakutasaidia. Fungua maandishi kwenye programu ya Subtitle Edit, badilisha kasi ya picha, hifadhi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, kisha yape jina lilelile la filamu na uyaweke folda moja nayo.

Televisheni ikikataa kusoma flashi, angalia aina ya mfumo wake. Flashi ya FAT32 husomwa na karibu kila televisheni, lakini haipokei faili moja linalozidi GB 4.

Kwa wateja wako anza na Major League ya 1989, timu ya watu waliokataliwa kila mahali, kicheko tangu mwanzo. Ina matusi, iwe ya usiku na ya watu wazima. Na kabla ya kutoza kiingilio, wasiliana na COSOTA kuhusu hakimiliki na Bodi ya Filamu kuhusu daraja la umri. Kibanda kikifungwa, hasara yake ni kubwa kuliko kiingilio cha mwezi.

ZIPI NISIZIWEKE MBELE YA WATOTO?

Swali fupi kutoka kwa mama mmoja wa Mafinga.

Jibu: Mama, Bull Durham ya 1988 ni ya watu wazima, ingawa wajuzi wengi huiweka namba moja. Mwongozaji wake, Ron Shelton, alicheza ligi za chini mwenyewe, na mazungumzo ya mdakaji na mrushaji pale katikati ya uwanja yana harufu ya kweli. Itazameni watoto wakilala. The Bad News Bears ya 1976 inadanganya zaidi, kwa sababu ni ya timu ya watoto na jalada lake linachekesha. Kocha ni mlevi na watoto wenyewe wanatukana, pamoja na matusi ya rangi. The Sandlot na The Rookie ziweke bila wasiwasi, ukikumbuka tu lile tukio la tumbaku kwenye The Sandlot.

MONEYBALL NA HESABU ZAKE

Swali: Nasoma takwimu chuoni hapa Mbeya. Wenzangu wanasema Moneyball imethibitisha kwamba hesabu inashinda vipaji. Ni kweli, au sinema imetia chumvi? (Mwanafunzi, Mbeya)

Jibu: Hesabu ni ya kweli na chumvi ipo. Filamu ya 2011 inaanza na takwimu ya mishahara: Yankees karibu dola milioni 114, Oakland karibu milioni 40. Billy Beane, meneja mkuu wa Oakland, hawezi kununua wanaotakwa na wote, kwa hiyo anatafuta sifa ambayo soko limeipuuza: uwezo wa kufika besi, kwa njia yoyote.

Fanya hesabu mwenyewe. Mpigaji wa kwanza ana zamu rasmi 500 na magongano mazuri 145. Wastani wake ni .290, magazeti yanamsifu. Amepewa besi kwa boli nne mara 20, amepigwa na mpira mara 2, na mipira ya kujitoa mhanga (aliyoipiga juu ikadakwa, lakini mwenzake akamaliza mzunguko) ni 4. Kiwango chake cha kufika besi ni (145 + 20 + 2) gawanya kwa (500 + 20 + 2 + 4), yaani .317. Wa pili ana zamu 500, magongano 130, wastani .260, hana jina. Lakini kapewa besi mara 80, kapigwa mara 5, kujitoa mhanga 5. Weka: 215 kwa 590, yaani .364. Huyu anatolewa mara chache zaidi kwa kila mara anayosimama kupiga, na kutolewa ndiyo mali adimu ya mchezo, kwa sababu timu ina 27 tu kwa mechi ya kawaida. Huyu wa pili ndiye Oakland walimnunua kwa bei ya chini.

Chumvi iko kwenye kilichoachwa. Oakland ya 2002 ilishinda mechi 103, na zile 20 mfululizo ni za kweli. Ya ishirini ilikwenda kama unavyoona: waliongoza 11 kwa 0, wakasawazishiwa, Scott Hatteberg akaimaliza kwa homurani, 12 kwa 11. Lakini timu hiyo ilikuwa na warushaji watatu hatari, Hudson, Mulder na Zito, na Zito ndiye aliyetwaa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake mwaka ule. Miguel Tejada akatwaa ya mchezaji bora. Filamu inawapita kama vivuli. Ukiandika insha juu yake bila kuwataja hao wanne, mwalimu wako ana haki ya kukukata alama. Vilevile yule kijana wa hesabu anayeitwa Peter Brand ni jina la kubuni; mhusika ametokana na Paul DePodesta.

YA 1950 AU YA 2013?

Swali: Filamu za Jackie Robinson ziko mbili. Nitazame ipi? (Vwawa, Songwe)

Jibu: Zote, ila kwa sababu tofauti. 42 ya mwaka 2013 ina Chadwick Boseman, na inaeleza vizuri msimu wa 1947 Robinson, mchezaji mweusi, alipovunja ukuta wa rangi kwenye ligi kuu. Tukio la kocha wa Philadelphia anayemtukana bila kukoma kutoka benchi limetokana na ukweli, na ni gumu kulisikiliza. Kaa na vijana, usiwaache peke yao. The Jackie Robinson Story ya 1950 ina uigizaji wa kawaida na dakika 76 tu, lakini anayecheza Robinson ni Robinson mwenyewe. Mwangalie miguu anapotoka kwenye besi: anayumba, anaondoka, anarudi, mrushaji anashindwa kutulia. Hakuna mwigizaji aliyewahi kuiga miguu ile. Ligi imeistaafisha namba 42, aliyoivaa Robinson, kwa timu zote tangu 1997, na kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote huivaa.

YA MTU ANAYETOKA MBALI

Swali: Zote mlizozitaja ni za Wamarekani. Hakuna ya mtu aliyetoka nchi kama yetu? (Msomaji, Tukuyu)

Jibu: Ipo, na inatazamwa na wachache kuliko inavyostahili. Kwa Afrika Mashariki, tafuta Opposite Field, filamu ya habari za kweli kuhusu watoto wa Uganda. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu fainali za dunia za watoto wakanyimwa viza za kwenda Marekani. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko.

Ya kutungwa ni Sugar ya mwaka 2008. Miguel Santos, mrushaji kijana wa Jamhuri ya Dominika, anasajiliwa na kupelekwa Iowa, nyumbani kwa wazee wakulima. Kiingereza hajui. Mgahawani anaagiza mkate uliochovywa kwenye mayai na kukaangwa (French toast) kila siku kwa sababu ndilo jina pekee la chakula analoweza kulitamka. Siku moja mhudumu anamletea mayai yaliyopikwa kwa namna mbalimbali kwenye sahani moja, anamtajia kila moja jina lake. Hiyo ndiyo filamu: inaangalia mguu unaoumia, simu ya kwa mama, na nafasi inayompita mtu kimyakimya.

Usiizime majina yanapokaribia kuanza kupanda. Katika dakika za mwisho, kwenye uwanja wa mtaani New York, wachezaji wanasimama mmoja mmoja mbele ya kamera, wanataja jina, walikotoka, na klabu iliyowahi kuwasajili.